Kati ya Haki na Kibali

Kiboko akitoka ziwani usiku na kuingia kwenye mpunga, watu wa mwambao wa Kyela, tangu Ikolo hadi kule Matema chini ya milima ya Livingstone, humtafuta bwana nyama. Hilo ni jina la zamani la afisa wanyamapori, na shambani bado ndilo linalosikika, ingawa barua za serikali zina cheo kirefu zaidi. Bwana nyama ndiye mwenye bunduki. Mwenye shamba ana debe la kugonga, ana moto, ana mbwa, pengine ana mkuki. Wakulima wana mengi ya kulalamika: msaada unachelewa, gari hakuna, ukifika kiboko ameshazama majini. Ila katika malalamiko yote hayo sijamsikia mtu akisema, "Nipeni bunduki mimi, ni haki yangu." Anachodai ni kwamba bwana nyama aje, na aje mapema.

Nalitaja hili kwa sababu ya neno haki. Habari za Marekani zinapotufikia kupitia idhaa za Kiswahili, husikika maneno "watetezi wa haki ya kumiliki silaha", nayo hupita masikioni bila kukwaruza popote. Yangefaa yakwaruze. Nyuma yake kuna vuguvugu lenye umri, fedha, mawakili hodari na mpango wa miaka mingi, na kazi yake kubwa imekuwa moja: kuiondoa bunduki kwenye kibali na kuiweka kwenye haki. Kiswahili kinayo maneno hayo mawili, na kinayatenga vizuri kuliko lugha nyingi. Tukiyachanganya tutashindwa kuelewa wanachokitafuta wenzetu, na vilevile tutashindwa kutaja tunachokitafuta sisi.

Tuanze na chombo chenyewe. Bunduki tumeipokea kutoka Kiarabu. Waarabu huuita mji wa Venice al-Bunduqiyya, na ndiyo maana wako wanaoshikilia kwamba silaha ilichukua jina la mji ilikotoka. Mimi naegemea maelezo ya pili. Bunduq ni tunda dogo gumu, jamii ya njugu, lililojulikana kutoka pande za Bahari Nyeusi. Jina lake likapewa kidonge kigumu kilichorushwa kwa upinde kabla watu hawajazoea baruti. Baruti ilipoingia, jina likahama kutoka kidonge hadi chombo kinachokirusha. Risasi nayo ilikuwa madini kabla ya kuwa kifo. Ni jina la Kiarabu la yale madini laini, mazito, yanayoyeyuka upesi kwenye moto. Gumegume ni jiwe linalotoa cheche, kisha likawa jina la bunduki iliyowashwa kwa jiwe hilo, kisha akina mama wakalichukua wakamvisha mwanamume asiye na faida nyumbani: mume gumegume. Mzinga ulikuwa wa nyuki kabla ya kuwa wa vita, na shirika letu la Morogoro linalotengeneza risasi, lililoundwa mwaka 1974, linaitwa Mzinga. Mtutu, kitako, mtambo, fataki, baruti: msamiati huu ulikuwa umejengeka pwani kabla Mjerumani hajatia mguu Ziwa Nyasa. Misafara ya pembe iliubeba hadi bara pamoja na bunduki zenyewe. Upande wa pili wa mto Songwe, kule Malawi, hawakulichukua jina letu. Kwa Kichewa ni mfuti, kwa Kitumbuka ni futi.

Bunduki ilipofika kaskazini mwa ziwa, ilifika ikiwa nguvu ya mtu. Oktoba 1887 askari wa Mlozi bin Kazbadema, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejijengea boma karibu na Karonga, waliwasukuma Wangonde hadi kwenye bwawa la Kambwe. Wangonde walitegemea hasa mikuki. Ruga-ruga wa Mlozi walikuwa na bunduki. Wengi walifia kwenye matete, na waliosalimika wakavuka Songwe kuja kwa jamaa zao wa upande huu. Wazungu wa kampuni ya African Lakes waliingia vitani dhidi ya Mlozi, na mmoja wa waliojeruhiwa katika vita hivyo mwaka 1888 ni Frederick Lugard, yule aliyekuja kuwa mtawala mashuhuri wa kikoloni. Suluhu ilipatikana mwaka 1889, haikudumu, na Desemba 1895 Harry Johnston alilivunja boma na kumnyonga Mlozi.

Katikati ya hayo, Julai 1890, mataifa makubwa yalitia saini mkataba huko Brussels wa kuzuia biashara ya watumwa, na ndani yake yakaweka vifungu vya silaha. Eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini lilifungwa: bunduki za kisasa, zile zenye mtutu uliochongwa mifereji ndani ili zilenge mbali, zisiingizwe isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Gumegume na wenzake zingeweza kuruhusiwa chini ya usimamizi. Huo ndio mzizi wa gobore tunalolijua vijijini, bunduki ya kushindilia kwa mdomo iliyobaki mikononi mwa Mwafrika wakati dunia nzima ilikwishaiacha. Na hapa lazima nikiri jambo linaloupa uzito upande wa pili wa mjadala: kibali cha kwanza cha bunduki katika nchi zetu kilibuniwa na watu waliotaka silaha nzuri ibaki kwao. Kiliwabana wafanyabiashara wa watumwa, ni kweli. Kiliwabana pia wale waliokuwa wakitekwa. Miaka 15 baadaye, nchi ilipoinuka katika Maji Maji, waliokabiliwa na bunduki za kisasa za Wajerumani walikuwa na mikuki, mishale na magobore.

Kwa hiyo simcheki anayelishuku neno kibali. Nalichunguza tu.

Kibali na kubali ni ndugu. Kibali ni kukubaliwa. Ukikaa Jumapili katika makanisa yetu ya Kyela, iwe ni kwa Wamoraviani au kwa Walokole, utasikia watu wakiombeana kibali: Mungu akupe kibali mbele ya mwajiri, mbele ya wakwe, mbele ya watu wa mkopo. Ni upendeleo unaotoka kwa aliye juu kwenda kwa aliye chini, na anayeupata hushukuru. Haki ina tabia nyingine. Shina lake la Kiarabu ni la ukweli na stahili. Humo zimetoka hakika, hakiki na uhakiki. (Mahakama, hukumu na hakimu ni wa ukoo mwingine kabisa, japokuwa wanakaa nyumba moja.) Vitenzi vyake vinaonyesha tofauti bila kuhitaji kamusi. Kibali huombwa, haki hudaiwa. Kibali hutolewa, hukataliwa, hufutwa. Haki huporwa, hudhulumiwa, hukanyagwa. Aliyefutiwa kibali anarudi nyumbani akinuna. Aliyeporwa haki anakwenda mahakamani.

Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, imesimama wazi upande wa kibali. Raia anayetaka bunduki anaomba, anachunguzwa, na kamati za ulinzi na usalama zina neno la kusema kabla leseni haijatoka. Mwaka 2016 wamiliki walitakiwa wapeleke silaha zao polisi kwa uhakiki. Hilo neno uhakiki lilinipendeza wakati ule na linanipendeza bado, kwa sababu limezaliwa tumbo moja na haki ilhali kazi yake pale ilikuwa kinyume: aliyehakikiwa hakuambiwa kwamba bunduki ni stahili yake, aliambiwa athibitishe kwamba anastahili kuendelea kuwa nayo. Kenya nao walifanya vivyo hivyo. Desemba 2018 serikali iliamuru wamiliki wote wa silaha wa kiraia wachunguzwe upya, na leseni za zamani zikakoma kutegemewa.

Sasa tuvuke bahari. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani yalithibitishwa Desemba 1791, na kwa Kiingereza ni sentensi moja ya maneno 27. Inaanza kwa kusema kwamba mgambo wenye utaratibu mzuri ni wa lazima kwa usalama wa dola huru, halafu inasema haki ya watu ya kuweka na kubeba silaha isivunjwe. Neno letu marekebisho halikai vizuri hapo. Kurekebisha ni kunyoosha kilichopinda, na watetezi wa bunduki hawaamini kwamba Katiba yao ilipinda. Wanaamini kwamba haki ilikuwepo kabla ya Katiba, na maandishi yaliitambua tu. Nyongeza lingekuwa neno jirani zaidi. Hata sisi tungelihitaji, maana sura yetu ya haki za binadamu iliingia katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano kupitia Marekebisho ya Tano ya mwaka 1984, na hakuna anayesema kwamba siku hiyo haki za Watanzania zilirekebishwa.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mahakama za Marekani ziliisoma sentensi ile zikianzia kichwani: haki ya silaha ikafungwa kwenye mgambo. Chama kikubwa cha bunduki nchini humo, NRA, kilianzishwa New York mwaka 1871 na maofisa waliotoka vitani wakisikitika kwamba askari wao hawakujua kulenga. Kilikuwa chama cha shabaha, kisha cha wawindaji. Mwaka 1977, katika mkutano wa Cincinnati, wanachama waliotaka mapambano ya kisiasa waliwang'oa viongozi wao usiku mmoja, na tangu hapo chama kikawa na lugha nyingine. Hata hivyo ushindi mkubwa ulikuja kwa njia ya kesi, na kesi zenyewe zilitayarishwa kwa uangalifu wa fundi. Mlalamikaji wa mwaka 2008 katika mji mkuu wa Washington, Dick Heller, alikuwa mlinzi aliyebeba bastola kazini kulinda jengo la serikali lakini sheria ilimkataza kuweka bastola nyumbani kwake. Mlalamikaji wa Chicago mwaka 2010, Otis McDonald, alikuwa mzee Mweusi aliyevunjiwa nyumba na wezi zaidi ya mara moja. Nani angewatazama hao wawili akaona wahuni? Kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2008 kwamba haki ile ni ya mtu binafsi, mgambo uwepo usiwepo.

Juni 2022 ikaja kesi ya New York, na hiyo ndiyo inayomhusu zaidi mpenda maneno. Kwa zaidi ya karne moja, mkazi wa jimbo hilo aliyetaka kubeba bastola hadharani alipaswa kuonyesha sababu ya pekee, na afisa angeweza kumpa au kumnyima. Angeweza. Vuguvugu halikudai kwamba leseni zifutwe zote. Lilidai "angeweza" litoke, "lazima ampe akitimiza masharti" liingie. Kwa kura sita dhidi ya tatu, wakashinda. Kibali kikabaki kwenye karatasi, ila ndani yake kimekuwa haki: afisa hana tena upendeleo wa kumkubali wala kumkataa mtu, ana wajibu wa kuandika. Mahakama ikaongeza kwamba sheria za silaha zipimwe kwa historia na mapokeo ya taifa, na tangu hapo mawakili wa pande zote wamegeuka kuwa watu wa maktaba, wakifukua sheria za miaka ya 1700.

Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na hawa wameivuta kwa ustadi. Bunduki ambazo wapinzani wao huziita silaha za mashambulizi, watengenezaji walizitafutia jina jingine mwaka 2009: bunduki za kisasa za michezo. Kubeba bastola pasipo leseni yoyote, jambo linaloruhusiwa leo katika majimbo 29, wao huliita kubeba kikatiba, yaani Katiba yenyewe ndiyo leseni. Upande wa pili nao haukulala. Waliokuwa wakizungumzia udhibiti wa bunduki sasa huzungumzia usalama wa bunduki, kwa kuwa udhibiti unatia hofu na usalama unapendwa na kila mtu. Hata kile kifaa cha mdomo wa mtutu kinachopunguza mlio kina majina mawili kwao, moja la kutisha na moja la kifundi. Kiswahili kilikwisha kukipa jina tangu enzi za riwaya za upelelezi, za akina Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa: kiwambo cha sauti. Kuwamba ni kutandaza ngozi juu ya ngoma. Kwa hiyo kifaa cha kuzima mlio kina jina lililotoka kwenye kifaa cha kuutoa, na sijui kama kuna mhariri aliyewahi kulipinga. Huko Marekani kodi ya dola 200 juu ya vifaa hivyo ilikuwepo tangu 1934, na kuanzia Januari 2026 imeshushwa hadi sifuri.

Wanaelekea wapi? Wanataka leseni ya jimbo moja itambuliwe katika majimbo yote. Wanataka marufuku ya bunduki zile za kisasa na ya makasha makubwa ya risasi yaangushwe mahakamani. Nguvu imehama: NRA imeyumba, kiongozi wake wa zaidi ya miaka 30, Wayne LaPierre, alijiuzulu Januari 2024 na baraza la wazee wa mahakama huko New York likaona kwamba alitumia vibaya fedha za chama. Mbele sasa wako watu wa kesi, kama Second Amendment Foundation iliyoanzishwa mwaka 1974 na Firearms Policy Coalition. Lakini njia si nyeupe. Juni 2024 Mahakama ya Juu ileile, kwa kura nane dhidi ya moja, ilikubali kwamba mtu aliyewekewa zuio kwa kutishia mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha. Machi 2025 ikakubali pia kwamba bunduki zinazouzwa vipande vipande ili mnunuzi aziunganishe mwenyewe zisimamiwe na serikali kama bunduki nyingine. Haki hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu ina mipaka, na mipaka ndiyo watakayoigombania kwa miaka 20 ijayo.

Neno linalonisumbua zaidi katika sentensi ile ya 1791 ni mgambo. Likilia la mgambo lina jambo, walisema wahenga, na la kulia ni baragumu: mgambo ulikuwa mwito wa kuwakusanya watu kabla ya kuwa watu wenyewe. Mwaka 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, TANU ilitoa Mwongozo wake, na ndani yake ulinzi wa taifa ukatajwa kuwa kazi ya umma uliofunzwa. Mgambo ukaanza kufunzwa kila mahali. Vita vya Kagera vilipokuja mwaka 1978, maelfu ya watu hao waliingia jeshini. Ndiyo kusema Watanzania walioshika silaha kama umma waliwahi kuwepo, na pengine walikuwa karibu na maana ya Wamarekani wa 1791 kuliko mtu wa leo mwenye bastola mkobani. Tofauti ni kwamba bunduki ya mgambo ilikuwa na ghala lake. Baada ya mafunzo na baada ya vita, ilirudi huko. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi Usukumani na silaha za vita zikiwa zimezagaa, sungusungu walijipanga kwa upinde na mshale.

Leo neno mgambo lina watu watatu wasiofanana. Kuna kijana mwenye kirungu anayefukuza wachuuzi barabarani. Kuna aliyehitimu mafunzo ya jeshi la akiba. Na kuna "wanamgambo" wa taarifa za habari, ambao karibu kila siku ni watu wenye silaha nje ya serikali au dhidi yake, huko Kongo mashariki au Somalia. Mtafsiri anapoyaweka Marekebisho ya Pili mbele ya msikilizaji wa Ikolo na kusema "mgambo", msikilizaji atamwona yupi? Ningependekeza jeshi la umma, na mgambo tuwaachie watatu wao.

Kuna mahali Afrika Mashariki ambapo hoja ya bunduki kuwa haki ina nguvu ya kweli, na itakuwa dhuluma kuiruka. Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la Moroto lilivunjwa na Karamoja ikajaa bunduki. Desemba 2001 serikali ya Uganda ilianza kuzikusanya. Waliozitoa kwa utiifu walivamiwa na majirani ambao hawakuzitoa, ng'ombe wakaenda, watu wakafa, na ulinzi walioahidiwa haukufika. Mwaka 2006 jeshi lilirudi kwa kuzingira na kupekua, na mwaka 2021 ikaanza operesheni nyingine iliyopewa jina la Kiswahili: Usalama kwa Wote. Kaskazini mwa Kenya nako, bunduki za polisi wa akiba zilikusanywa mwaka 2019, na jamii zilizokuwa zikizitegemea zikabaki zikiuliza nani atakuja wavamizi wakija. Mfugaji wa Turkana au wa Karamoja anayekataa kuisalimisha bunduki yake hasomi Katiba ya Marekani. Amehesabu saa ambazo polisi huchukua kufika. Jina la operesheni lilimwahidi usalama wa wote, na angeridhika na wake kwanza.

Wamiliki wa silaha wa Kenya wenye leseni wameenda njia nyingine. Chama chao kimejipa jina la Ngao, nalo ni jina lililochaguliwa na mtu anayejua Kiswahili: ngao haiui, hupokea mapigo. Wanaandaa mashindano ya shabaha kwenye kiwanja cha Kirigiti, Kiambu, wanafundisha matumizi salama, wanakaa mezani na bodi ya leseni. Ukiitazama kwa makini, ni njia ya NRA ya kabla ya 1977. Itabaki hivyo au itageuka? Dalili itaonekana kwenye vitenzi kabla ya kuonekana barabarani: siku watakapoacha kuomba na kuanza kudai.

Umoja wa Afrika nao umechagua kitenzi chake. Mwaka 2013 viongozi waliahidi kunyamazisha bunduki ifikapo 2020, na muda ulipowadia wakausogeza hadi 2030. Kila Septemba ni mwezi wa msamaha kwa wanaotoa silaha haramu, na nchini Tanzania polisi wamekuwa wakitangaza kipindi cha kusalimisha kwa hiari. Kunyamazisha linanisikitisha kidogo, kwa kuwa bunduki iliyonyamaza bado ipo na bado imejaa. Kusalimisha ni bora mno. Ndani yake mna salama. Lakini salama ya nani? Aliyeisalimisha bunduki Karamoja angeuliza hivyohivyo.

Hapa ndipo naiona Katiba yetu ikiwa na jibu ambalo hatulitumii vya kutosha. Ibara ya 28 inaifanya kazi ya kulilinda taifa kuwa wajibu wa kila raia. Ibara ya 147 inakataza mtu au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi. Na ibara ya 14, inapotaja haki ya kuishi, inaongeza kwamba mtu ana haki ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii. Kutoka katika jamii: hayo ndiyo maneno mazito. Wamarekani wa vuguvugu lile wamepewa haki ya chombo. Sisi tumepewa haki ya kulindwa, ambayo ni dai kubwa zaidi na gumu zaidi kulitimiza, kwa sababu lina mdaiwa.

Wala si fikra ya kuletwa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, aliandika juu ya abamanga, walinzi wa kijiji walioaminiwa kuona usiku yale ambayo wengine hawayaoni na kupambana nayo kwa niaba ya wote. Uamini au usiamini nguvu zao, utaratibu wao unaeleweka: ulinzi ulikuwa kazi ya wachache waliojulikana, kwa faida ya wote, na chini ya jicho la wote.

Mahali tulipoteleza ni kwenye maneno ya baada ya madhara. Kanuni za mwaka 2011 zinazomhusu aliyeharibiwa shamba au kuuawa na wanyama wakali zinaita malipo ya mazao kifuta jasho na malipo ya kifo kifuta machozi. Ni maneno mazuri, yana huruma, na walioyabuni walijua lugha. Lakini hayakuitwa fidia, na hilo lilikusudiwa. Fidia hufuata haki iliyovunjwa. Kifuta machozi ni kitambaa anachokupa mtu mwema asiyekuwa na deni nawe. Mjane ambaye mumewe aliuawa na mamba mtoni anapewa kibali kwa jina jingine. Kama hifadhi ya maisha ni haki yake kutoka katika jamii, basi jamii iliposhindwa kuitoa ilibaki na deni, na deni lina jina lake.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuzitafsiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza inaendelea. Sheria ya silaha nayo inahusika, pamoja na zile za wanyamapori. Waandishi wa sheria watakutana kila ukurasa na maneno mawili madogo ya Kiingereza, lile la hiari (may) na lile la lazima (shall), ambayo Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, imeyatofautisha kwa ukali. Kiswahili chetu cha ofisini huyaziba yote kwa "anaweza" na "atafanya", na "atafanya" ni la ujao tu, linaweza kuwa ahadi, utabiri au amri. Naomba waandike "ni lazima" pale palipo na lazima. Waandike kwamba ofisa wa silaha anaweza kutoa leseni, ili kibali kibaki kibali. Na wanapofika kwenye wajibu wa kuwalinda watu wa kandokando ya mito na ziwa dhidi ya kiboko na mamba, waandike kwamba ni lazima msaada ufike, na waseme ndani ya muda gani.